Rambirambi Zilizofika Las Vegas

Uliyekuwa nasi Jumapili iliyopita unajua tayari jinsi Brigitha alivyomuua mama mkwe wake. Kwa uliyebisha hodi leo, karibu, keti, tukupe kwa ufupi kisha twende pamoja.

Hakumuua kwa sumu wala kwa panga. Alimuua kwa mdomo. Ilikuwa Jumatatu moja ya Julai, mwaka 1997, naye amesimama mbele ya meza ya msimamizi wake katika nyumba ya kutunzia wazee huko Saint Paul, mahali alipokuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwa mwaka wa nne.

Mumewe, Gregory, alikuwa amemaliza chuo mwezi wa tano. Tangu waoane Kibosho hawakuwahi kwenda popote pamoja isipokuwa kanisani na dukani. Gregory akaona tangazo gazetini: ndege kutoka Minneapolis mpaka Las Vegas, hoteli, kulala siku tatu, bei ya kutupa. Akanunua kimya kimya, akaziweka tiketi chini ya sahani ya mkewe.

Brigitha akaomba likizo, akanyimwa. Majira ya joto kila mtu alitaka kupumzika na watumishi hawakutosha. Akazifikiria zile tiketi chini ya sahani. Akafikiria uso wa Gregory alivyokuwa akimtazama akila, akisubiri sahani iinuliwe.

Alijua siku tatu hutolewa bila maswali kwa aliyefiwa na mzazi, au na mzazi wa mwenzake. Mama yake mwenyewe alikwisha kutangulia zamani, na kazini walijua. Ulimi ukamwangukia mama wa Gregory.

Msimamizi, mama mmoja wa Kimarekani mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, aliinuka kwenye kiti, akamkumbatia. Huyo ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua ya mwajiri, barua ambayo bila hiyo familia nzima isingepata karatasi za kuishi Marekani. Alimwambia aende, achukue siku zake tatu, na Mungu awe naye.

Gregory hakujua lolote. Yeye aliambiwa ruhusa imepatikana.

Binti yao Haika, mwenye miaka sita, aliachwa kwa Philister na mumewe Harrison, Wakenya waliokaa jengo moja nao pale Brooklyn Park. Philister alifanya kazi na Brigitha sehemu moja. Alipewa namba ya simu ya hoteli na ufunguo wa nyumba. Alijua wanakwenda kutembea. Habari ya msiba hakuambiwa.

Sasa twende.

*

Las Vegas waliyoikuta haikuwa ile ya kwenye tangazo.

Hoteli yao ilikuwa nyuma ya uwanja wa matairi chakavu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwenye zile taa maarufu. Bwawa la kuogelea lilikuwa limekaushwa, na ndani yake toroli la dukani limelala kifudifudi. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye zulia mpaka zulia likanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Kitasa cha mlango kilizunguka bila kushika. Kifungua kinywa cha bure kilitolewa kwenye jumba jingine la kamari, na jumba hilo lilikuwa limefungwa kwa matengenezo.

Gregory alicheka. Alisema leo Mchagga naye ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Jioni ya kwanza alitoa kiti nje ya mlango, akamketisha mkewe, wakatazama taa za mji kwa mbali kama watu wanaochungulia harusi ya jirani kupitia ua.

Brigitha hakucheka. Tangu ndege ipae hakuwa ametulia, na huku nje joto lilikuwa la kukaanga mayai. Simu ikilia chumba cha jirani, alishtuka. Mtu akipita barazani, alishtuka. Gregory akafikiri ni ule mlango usiofungika, akaegemeza kiti, akamwambia alale, yupo.

Alhamisi asubuhi maji yakakatika. Brigitha akashuka mapokezi kulalamika. Kijana wa mapokezi akamwambia fundi atakuja, labda leo, labda kesho, akampa chupa mbili za maji ya kunywa.

Aliporudi alikuta mlango wazi. Gregory alikuwa ameketi sakafuni, kwenye zulia bichi, mkono wa simu umelala mapajani mwake.

"Mama amekufa," alisema.

Amejua, Brigitha aliwaza. Akafungua mdomo aombe msamaha. Kisha akayaona macho ya mumewe. Hayakuwa macho ya mtu aliyemkamata mwongo. Yalikuwa macho ya mtoto aliyepotezwa sokoni.

Akaufunga mdomo.

Aliyepiga simu ni Philister. Asubuhi ile kazini kulikuwa na kadi ya pole inazungushwa, kila mtu atie sahihi: Brigitha amefiwa na mama mkwe. Philister akapigwa na butwaa. Watu hawa wako matembezini, na wameondoka wakicheka. Akajijibu mwenyewe kwamba habari imefika kazini baada ya wao kuondoka, kwamba simu ya Tanzania imekosa mtu nyumbani ikapigwa kazini, na wenyewe hawajui. Kwa utu wake akaona haifai wafiwa wawe wa mwisho kujua. Akachukua namba ya hoteli.

Alimwambia Gregory kwa upole wote alionao. Alimwambia akae kwanza. Alimwambia mama ametutoka.

Gregory alimsimulia mkewe haya kipande kipande, akipumua kama mtu aliyekimbia. Halafu akamshika kiuno, akaegemeza kichwa tumboni mwake.

"Kazini walikuficha na wewe," alisema. "Walitaka upumzike kwanza. Maskini mke wangu."

Nafasi ilikuwa pale. Neno moja tu lingetosha, na yule mama angefufuka. Lakini Brigitha aliwaza: nimpe maji kwanza. Akampa maji. Kisha akawaza: atulie kwanza. Gregory hakutulia. Alilia kwa sauti ambayo Brigitha hakuwahi kuisikia katika miaka minane ya ndoa, na kila alivyolia ndivyo lile neno lilivyozidi kuwa zito, mpaka likawa jiwe ambalo mtu mmoja hawezi kuliinua.

*

Gregory alitaka kusikia kwa watu wake mwenyewe. Simu ya chumbani haikuruhusu kupiga nje, hivyo walishuka kwenye simu ya ukutani karibu na mapokezi, na kadi ya kupigia waliyonunua Minneapolis.

Kaka yake mkubwa, Naftali, alikuwa na kiwanda kidogo cha mbao mjini Moshi. Hiyo ndiyo namba pekee ya ukoo aliyoijua kwa kichwa. Nyingine zilikuwa kwenye daftari, na daftari liko Brooklyn Park.

Brigitha aliomba moyoni simu ipokelewe. Naftali atasema mama yupo, anakata majani ya ng'ombe. Kutakuwa na hasira, kutakuwa na aibu, lakini yale macho yataondoka.

Moshi ilikuwa jioni. Aliyepokea ni mlinzi. Gregory akauweka mkono wa simu katikati, wasikie wote wawili.

Mlinzi alisema bwana Naftali hayupo, kiwanda kimefungwa.

"Amekwenda wapi?"

"Msibani, mzee. Tangu jana. Wamekwenda wote."

"Msiba wa nani?"

"Mimi nimeajiriwa juzi, watu wenu siwajui. Walisema tu ni mama…"

Kadi ikaisha. Ikabaki sauti ya kike ya Kimarekani, ikiwashukuru kwa kutumia huduma.

Gregory alirudisha mkono wa simu mahali pake polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Brigitha aliegemea ukuta. Hakuwa tena na hofu ya kukamatwa. Ilikuwa hofu nyingine, kongwe, aliyoijua tangu utotoni.

Bibi yake alikuwa akiwakataza kumtaja mtu mzima kama maiti, hata kwa mchezo. Mtoto aliyethubutu alitemeshwa mate na kupigishwa magoti. Neno likitoka linatafuta pa kukaa, alisema bibi.

Jumatatu alilitoa. Jumatano watu wa Kibosho wamekwenda msibani.

*

Walinunua kadi nyingine. Kiwandani simu iliita mpaka ikachoka. Wakajaribu kubadilisha safari warudi siku ile ile, wakaambiwa tiketi za bei hiyo hazibadiliki, ndege yao ni Jumamosi alfajiri.

Mchana Gregory alipopitiwa na usingizi, Brigitha akashuka peke yake. Alikuwa ameamua. Atampigia Philister, atamwambia kweli yote, ili angalau kule Minnesota jambo liishie kwenye ile kadi.

Philister alipokea mara moja, kama aliyekaa juu ya simu. Hakumpa nafasi ya kuanza.

"Pole, my sister. Pole sana. Usi-worry na kitu hapa. Haika yuko sawa, hatujamwambia. Nimeongea na pastor wa pale Brooklyn Center, wameshatangaza. Saturday mkifika mtatupata kwa nyumba yenu, funguo si niko nayo? Wamama wanapika. Hata supervisor amesema atakuja."

Brigitha akauliza msimamizi anakuja kufanya nini.

"Kuwa na wewe," Philister alisema. "Ameniambia hakuna mfanyakazi anayempenda kama wewe. Ati ile barua yenu ameimaliza, ataisaini Monday."

Philister akauliza kama bado yuko.

Brigitha akasema yupo. Akasema asante. Akaweka simu, akapanda ngazi akishikilia ukuta. Alikuwa ameshuka kwenda kuuzima moto, akaona umeshafika kwenye paa.

*

Ijumaa asubuhi maji yalirudi, ya rangi ya chai. Gregory alikuwa ametoka akarudi na wembe na sabuni. Alikaa kwenye ukingo wa bafu, shati amevua, akaanza kujinyoa nywele.

Hakusema kwa nini, na hakuhitaji kusema. Mtoto wa kiume aliyefiwa na mama yake ananyoa. Kama hawezi kuwahi kaburini, basi kichwa chake kifike.

Brigitha alisimama mlangoni akitazama nywele zikianguka kwenye bafu jeupe lililopasuka. Gregory alinyoa mbele, akanyoa pembeni. Kisogoni mkono haukufika. Akamnyooshea mkewe wembe bila kugeuka.

Akaupokea. Akashika shingo ya mumewe kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa ya moto. Alinyoa mstari mmoja, na wa pili, kisha wembe ukateleza akamkwaruza, tone la damu likashuka mgongoni.

"Baba Haika," alisema. "Mama hakufa. Nilimsingizia mimi, Jumatatu, ili nipewe ruhusa ya kuja huku. Nilinyimwa likizo. Sikuweza kukwambia."

Shingo ikakakamaa chini ya kiganja chake. Bomba lilidondosha maji. Chumba cha pili mtu alikuwa akikohoa.

"Malizia," Gregory alisema.

Hakumwelewa.

"Malizia kunyoa."

Akamaliza. Hakujua alimalizaje. Gregory aliinama akaosha kichwa, akajifuta kwa shati lake, akageuka. Bila nywele alionekana mgeni, mtu mwenye mifupa mikubwa ambaye Brigitha hakuwahi kulala naye chumba kimoja.

"Ulisema Jumatatu," alisema.

"Jumatatu."

"Na mlinzi anasema tangu Jumatano wako msibani."

"Ndiyo."

"Basi ulijuaje?"

Brigitha akajibu kwamba hakujua, kwamba alidanganya, kwamba ni uongo tu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda kama ya mtu anayejitetea barazani kwa chifu.

"Uongo ni kitu ambacho hakipo," Gregory alisema. "Hiki kipo. Nimemsikia mlinzi kwa masikio yangu. Wewe ulimsema mama yangu, naye akafa. Sasa nikuite nani?"

Hakumpiga. Brigitha aliomba ampige, yaishe. Gregory alivaa shati, akakiondoa kile kiti kilichokuwa kikizuia mlango, akakitoa nje, akakaa juani akiwa amempa mgongo. Alikaa hapo mpaka kivuli cha jengo kikamfikia, kikampita.

Ndani, Brigitha alipiga magoti kwenye zulia bichi. Alitema mate kama walivyofundishwa utotoni. Alimwomba mama mkwe msamaha kwa jina lake lote. Kisha akagundua hajui anaongea na mtu hai au na marehemu, akakatisha sala.

*

Kwenye ndege kulikuwa na kiti kitupu katikati yao. Gregory alisema mara moja tu, Minnesota ilipoanza kuonekana chini, maziwa yake yametawanyika kama vipande vya kioo.

"Utawaambia wewe. Mbele yao wote. Sitakusemea, wala sitakukanusha."

Brooklyn Park ilikuwa na jua zuri la mchana. Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umejaa, mengine yamepanda majani. Kutoka kwenye ngazi walisikia wimbo wa maombolezo, wanawake kwa sauti ya juu, wanaume kwa sauti ya chini, na harufu ya pilau na chai ya tangawizi ikawapokea kabla ya watu. Viatu vilipangwa nje ya mlango mpaka kwa jirani.

Haika ndiye aliyewafikia kwanza. Alikiona kichwa cha baba yake, akasimama. Akauliza kwa Kiingereza chake cha shule kama ni kweli bibi amekufa, maana watu wote wanasema na hakuna anayemwambia yeye. Gregory akambeba, akamficha uso shingoni mwake.

Ndani walikuwa kama watu arobaini. Wauguzi waliobadilishana zamu, wanafunzi wa chuo, akina mama wa ushirika wa Brooklyn Center wamejifunga kanga viunoni. Kwenye kochi, magoti pamoja, alikaa msimamizi wa Saint Paul na bakuli la tambi na nyama za kuokwa, chakula ambacho watu wa Minnesota hawaendi msibani bila hicho. Alipomwona Brigitha macho yake yakajaa machozi.

Harrison alisali. Sala yake ilikuwa ndefu na nzuri, na kila neno lilimchoma Brigitha mahali pake. Kisha Harrison akasema kama wafiwa wana neno, wako nyumbani, waseme.

Gregory alimtazama mkewe. Kichwa kile kilichonyolewa hakikutikisika.

Brigitha akasimama. Aliiwazia ile barua, inangoja kalamu ya Jumatatu. Aliona miaka minne ya kuinua wazee kitandani ikisimama pamoja naye, inamvuta nguo akae. Aliona kwamba anaweza kusema asanteni kwa kuja, akakaa, na hakuna hata mmoja hapa ambaye angejua mpaka kufa kwake. Isipokuwa mmoja.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sijafiwa. Nilidanganya kazini kwamba mama mkwe wangu amekufa, ili nipate siku tatu za kwenda Las Vegas. Mume wangu hakujua. Philister hakujua. Nisameheni."

Kikombe kilichowekwa mezani jikoni kilisikika. Mama mmoja nyuma akanong'ona kwamba ni uchungu, uchungu humtuma mtu maneno, mwacheni alie. Wawili watatu wakaitikia. Kwa muda mfupi Brigitha akaona mlango mwingine wa kutokea umefunguliwa kwa huruma ya watu.

Msimamizi alimwinamia Philister akauliza amesema nini.

Philister hakutafsiri. Alikuwa akimtazama Brigitha, na uso wake ulikuwa unabadilika taratibu.

"Mimi ndiye nilimpigia," Philister alisema. "Nikamwambia akae chini. Mimi, kwa mdomo yangu."

Brigitha akamgeukia msimamizi. Akayasema yale yale kwa Kiingereza, kwa maneno machache, kwa sababu machache ndiyo aliyoweza. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Alilitazama bakuli lililokuwa magotini kama mtu aliyesahau amelipata wapi.

Hapo simu ya jikoni ikalia.

Gregory alimteremsha Haika, akapita kati ya watu, akapokea. Alisema haloo mara mbili. Kisha akaita jina la kaka yake, na chumba kizima kikageuka.

"Mama," Gregory alisema. "Naftali, niambie kwanza mama."

Akasikiliza. Akaegemea jokofu, akacheka na kulia kwa pamoja, akawageukia watu na mkono juu.

"Mama yuko mzima. Yuko hapo pembeni yake."

Kelele zilizozuka zilitikisa madirisha. Akina mama wakapiga vigelegele, wanaume wakakumbatiana, hata wale waliokuwa wameanza kukasirika wakasahau hasira. Brigitha alishika ukuta. Tangu Alhamisi hakuwa amevuta pumzi ikafika chini. Sasa ikafika. Hakuua mtu. Kazi iende, barua ichanwe, waseme watakavyosema huko kanisani, yeye hakuua mtu.

Lakini Gregory hakuweka simu.

Aligeukia ukuta. Waya wa simu ulimzunguka kiunoni. Kutokana na kelele Brigitha hakusikia vizuri, ila maneno mawili matatu yalipenya. Alimsikia akisema hatukuwepo. Akamsikia akiuliza lini. Halafu, baada ya muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini kama wameshazika.

Akaweka simu bila kuaga.

Alikuja moja kwa moja kwa mkewe, akiwapita watu waliotaka kumpa mkono kana kwamba hakuwaona. Mtu huyu hakuwa amemgusa tangu wembe wa Ijumaa. Sasa aliishika mikono yake yote miwili. Brigitha akamtazama machoni akitafuta ile hasira, na hasira haikuwepo. Ilikuwa imefutika yote.

Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote aliyoyapitia wiki ile.

Mlinzi alisema wamekwenda msibani wote. Nani huko Moshi ambaye ukoo mzima wa Gregory ungefunga kiwanda kwenda kumzika, kama si wakwe zao? Kwao Brigitha walibaki wawili tu: baba yake, na mdogo wake wa kike aliyekuwa anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza mwezi ule. Ni mama, alianza kusema yule mlinzi, kabla kadi haijaisha. Mama mjamzito? Au alitaka kusema nini?

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea.

"Mama Haika," Gregory alisema, kwa upole wa kutisha. "Kaa kwanza."

Brigitha hakukaa. Alijua kwamba akikaa tu, ataambiwa.